Hesabu za baiskeli za Australia zisisahau vitunguu vya Namanga

Wafanyabiashara wengi wa mpakani wana mtoto au ndugu anayesoma uhasibu chuoni. Ada yake imetoka kwenye vitunguu, dagaa, mchele au vitenge vilivyovushwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Lakini ukifika wakati wa mafunzo kwa vitendo, kijana anarudi nyumbani na barua ya chuo, anaanza kuzunguka akitafuta ofisi itakayompokea. Hapo mzazi hugundua kwamba kulipa ada ilikuwa nusu tu ya safari.

Ofisi ambazo kila mwanafunzi wa uhasibu huzitamani zinajulikana. Deloitte, PwC, EY na KPMG ndizo kampuni nne kubwa za uhasibu na ukaguzi duniani, na zina ofisi katika miji mikubwa ya ukanda wetu. Nafasi zao ni chache na waombaji ni wengi. Hata anayebahatika kupata nafasi ya mafunzo katika jiji lolote lazima apate chumba, nauli na chakula kwa miezi miwili au mitatu, mara nyingi bila malipo ya kutosha. Mwenye mjomba Nairobi au Dar es Salaam atalala kwa mjomba. Mtoto wa Sirari, Mutukula, Rusumo au Kasindi asiye na mjomba mjini anaishia kupiga muhuri wa barua yake katika ofisi yoyote iliyo karibu, ambako atatumwa chai na kupanga mafaili hadi siku zake ziishe.

Miaka ya karibuni imefunguka njia nyingine: kupata uzoefu wa kazi za kampuni hizo kwa njia ya mtandao. Wapo wanaoisifu njia hii kana kwamba inamaliza tatizo la ajira, na wapo wanaoidharau kama mchezo wa kwenye kompyuta. Maoni yangu ni kwamba ina faida ya kweli, na watoto wa wafanyabiashara wa mpakani wanapaswa kuwa wa kwanza kuitumia. Hata hivyo, faida hiyo itakuwa nusu kama kijana hatayaleta aliyojifunza kwenye daftari la nyumbani, na kama kampuni hizo hazitatengeneza mafunzo yanayohusu biashara ya kwetu.

Kwanza tuelewane ni kitu gani kinachozungumzwa. Ziko aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo kampuni huchagua wanafunzi wachache, ikawakutanisha na wafanyakazi wake kwa video kwa siku kadhaa, wakasikiliza, wakauliza maswali na kupewa kazi ndogo za kikundi. Aina hii ilienea sana mwaka 2020, ofisi nyingi zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Ya pili haina uchaguzi wala ratiba. Kazi zimewekwa kwenye tovuti, mwanafunzi anajisajili bure, anazifanya kwa wakati wake, kisha anapewa jibu la mfano alinganishe na lake. Akimaliza anapata cheti cha kuonyesha kwamba amekamilisha. Jukwaa linalojulikana zaidi kwa aina hii ni Forage, lililoanzia Australia, ambako kampuni kubwa zimeweka mazoezi ya namna hiyo. Mengi huchukua saa chache tu.

Sababu ya kutumia mazoezi badala ya kazi halisi inaeleweka. Mhasibu hutunza siri za mteja wake. Hakuna kampuni itakayompa kijana asiyemfahamu, aliyeko maili elfu nyingi, vitabu vya benki au kiwanda anachokikagua. Kwa hiyo hutungwa kampuni ya kubuni yenye matatizo yanayofanana na ya kweli, mwanafunzi akaambiwa: huyu ndiye mteja wako, msaidie.

Mfano mzuri ni zoezi lililowekwa na KPMG ya Australia. Mteja wa kubuni anaitwa Sprocket Central, kampuni inayouza baiskeli na vifaa vyake. Mwanafunzi anapewa majedwali ya Excel yenye taarifa za wateja, anuani zao na orodha ya mauzo. Kazi ya kwanza ni kutafuta makosa yaliyomo, kisha kumwandikia mteja barua pepe ya heshima kumweleza kilichoharibika na namna ya kukirekebisha. Makosa hayo hayako mbali na yetu. Mteja mmoja ameandikwa kuwa alizaliwa mwaka 1843. Jimbo lilelile limeandikwa kwa jina kamili mahali pamoja, na kwa herufi za kifupi mahali pengine. Jinsia ya kike mara ni herufi moja, mara neno zima, mara neno lililokatika mwishoni.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi. Mwanafunzi anapewa orodha ya wateja wapya 1,000 na kuulizwa: kwa kutazama waliokwisha kununua, ni wapi kati ya hawa tuwafuate kwanza? Kazi ya tatu ni kuweka majibu hayo katika picha na michoro ambayo bosi asiye na muda ataielewa kwa kutazama mara moja. PwC ya Uswisi nayo iliweka zoezi la kampuni ya simu ya kubuni, ambapo mwanafunzi anachambua simu za huduma kwa wateja na kutafuta kwa nini baadhi ya wateja wanahama.

Mfanyabiashara wa Namanga anaweza kuuliza: baiskeli za Australia na simu za Uswisi zinanihusu nini mimi? Zinahusu sana. Fungua daftari lako la mauzo na madeni. Ukurasa mmoja umeandika Mama Asha anadaiwa. Ukurasa wa tatu umeandika M. Asha. Ukurasa wa saba umeandika Asha wa Kajiado. Wewe unajua kwamba huyo ni mtu mmoja, lakini daftari halijui. Siku ukiugua, mwanao atakayesimamia duka atamdai mara tatu, au hatamdai kabisa. Vivyo hivyo mzigo mmoja umeandikwa kwa gunia, mwingine kwa debe, mwingine kwa kilo, na ule uliouzwa kwa rumbesa haukuandikwa kipimo. Ni kosa lilelile la mteja wa mwaka 1843, ila hili linakula fedha zako.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpakani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mali inaweza kupotea hata kama daftari lipo, iwapo linachanganya fedha za nchi mbili kwenye safu moja. Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa za kufundishia tu. Mama mmoja ananunua magunia 20 ya vitunguu Karatu kwa Sh100,000 za Tanzania kila gunia, jumla Sh2,000,000. Usafiri, upakiaji na ushuru wa mazao vinachukua Sh300,000. Siku anayopanga safari, shilingi moja ya Kenya ni sawa na shilingi 20 za Tanzania, na bei Nairobi ni Sh6,500 za Kenya kwa gunia. Anapiga hesabu kichwani: magunia 20 yataleta Sh130,000 za Kenya, yaani Sh2,600,000 za Tanzania.

Njiani magunia mawili yanaoza. Yaliyobaki 18 yanauzwa kwa Sh117,000 za Kenya. Siku ya kubadilisha fedha anapewa shilingi 19 badala ya 20, anaondoka na Sh2,223,000 za Tanzania. Alinunua vitunguu kwa milioni mbili, sasa mkononi ana zaidi ya milioni mbili na laki mbili. Anamshukuru Mungu kwa faida ya Sh223,000 na kumtumia mtoto hela ya chuo.

Lakini gharama zake zote zilikuwa Sh2,300,000. Safari ile imempotezea Sh77,000. Mtu akipanga hesabu hiyo kwa safu zinazoeleweka, ataona pia hasara ilikotoka: vitunguu vilivyooza vimemnyima Sh260,000 kwa hesabu ya bei aliyoipanga, na kushuka kwa thamani ya fedha kumemnyima Sh117,000. Hayo ni matatizo mawili yenye dawa tofauti. La kwanza linataka gunia bora, gari la haraka au mnunuzi wa karibu. La pili linataka kujua siku ya kubadilisha fedha, au kununua bidhaa ya kurudi nayo badala ya kurudi na noti. Asiyetenganisha atalaumu mpaka, atamlaumu dereva, atalaumu hata husuda ya majirani, na safari ijayo atafanya vilevile.

Kijana aliyefanya kazi zile tatu kwa makini anaweza kuifanya hesabu hii jioni moja. Kusafisha majedwali kumemfundisha kuuliza: hili jina na lile ni la mtu mmoja? Hii ni shilingi ya wapi? Kuchagua wateja kumemfundisha kutazama nani analipa kwa wakati na nani anapewa mkopo kwa mazoea tu. Kuchora picha kumemfundisha kumwekea mama yake ukurasa mmoja unaosema: safari nne za mwezi huu, tatu zimeleta faida, moja imekula. Ukurasa kama huo ndio unaokosekana mfanyabiashara anapokwenda benki au kwenye chama cha akiba na mikopo kuomba fedha, akaambiwa biashara yake haina kumbukumbu.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kijana akikuomba bando la intaneti na saa sita za utulivu kwa ajili ya mafunzo haya, usimwone mvivu. Mpe. Ila mwekee sharti: akimaliza baiskeli za Australia, achukue daftari lako la miezi mitatu iliyopita, alifanyie kazi zilezile tatu, akueleze kwa Kiswahili alichokiona. Akishindwa kukueleza wewe unayeijua biashara hiyo, hajajifunza bado. Akiweza, ana jambo la kusema siku ya usaili ambalo mwenye cheti kitupu hana.

Maana ni lazima tuseme pia mafunzo haya hayafanyi nini. Cheti chake si ajira, wala si ahadi ya ajira. Hakimfanyi mtu kuwa mhasibu aliyesajiliwa. Mitihani ya bodi za wahasibu bado inamsubiri. Vyuo vingine havitaikubali kama mafunzo kwa vitendo ya lazima, hivyo kijana aulize chuoni kwake kabla, si baada. Katika aina ile ya pili hakuna msimamizi anayesoma kazi yake na kumwambia hapa umekosea. Jibu la mfano lipo, na mvivu anaweza kulitazama, akalinakili, akapata cheti kilekile cha aliyekesha. Waajiri wanalijua hilo. Ndiyo maana hawataishia kutazama cheti. Watamuuliza alifanya nini na kwa nini.

Kuna jambo jingine ambalo kompyuta haifundishi. Mteja wa kubuni hakasiriki, hafichi risiti, wala hasemi njoo kesho. Hakuna zoezi la mtandaoni linalomfundisha kijana kukaa na mama aliyechoka, ambaye hataki kusikia kwamba mwezi mzima amefanya biashara ya hasara, akamweleza bila kumdhalilisha. Mhasibu mzuri anajua kuhesabu na anajua kusema. Kuhesabu kunaweza kuanzia mtandaoni. Kusema kunafundishwa na watu, na mpakani watu wapo wa kutosha.

Yapo pia mambo ya kawaida yanayokwamisha. Majedwali ya Excel hayafanyiki vizuri kwenye simu. Inahitajika kompyuta, na si kila nyumba inayo. Hapa viongozi wa vyama vya wafanyabiashara wanaweza kusaidia kwa kuzungumza na shule, chuo au mwenye duka la intaneti ili vijana wapate saa za bei nafuu. Na tahadhari: mazoezi ninayoyasema ni ya bure. Mtu akikupigia simu akidai ada ya usajili ili mwanao apate nafasi ya mafunzo ya mtandaoni katika kampuni kubwa, funga mkoba wako. Wezi wanajua mzazi mwenye kiu ya kumwona mwanawe ofisini hulipa bila kuuliza.

Sasa niwageukie wenye kampuni. Ofisi zao katika ukanda huu zinaijua biashara ya Afrika Mashariki. Zinakagua mabenki na makampuni, zinawashauri wateja kuhusu kodi na forodha. Kama mwanafunzi anaweza kujifunza kazi kwa baiskeli za Australia na simu za Uswisi, kwa nini asijifunze kwa gunia la vitunguu linalopita Namanga, au ndoo ya dagaa inayotoka Ziwa Victoria kwenda Goma? Zoezi la namna hiyo haliwezi kuwa mzigo kwa kampuni kubwa. Linahitaji mteja wa kubuni, daftari lililojaa makosa ya kawaida, miamala ya fedha kwa simu, risiti za usafiri, na viwango vya kubadilisha fedha vinavyopanda na kushuka.

Ndani yake mwanafunzi akutane na Utaratibu wa Biashara Uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye asili ya nchi wanachama na thamani isiyozidi Dola 2,000 za Marekani, kupata cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani. Aulizwe: je, mzigo huu unastahili? Umezidi kiwango au haujazidi? Kibali cha afya ya mimea kinahitajika au la? Wapo wanafunzi wanaomaliza chuo wakijua sheria za uhasibu za kimataifa kwa vifungu, lakini hawajui cheti hicho kinachomgusa mama zao kila wiki.

Na zoezi hilo liwe kwa Kiswahili. Wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Mfanyabiashara anaandika daftari lake kwa Kiswahili, anapatana bei kwa Kiswahili, anadai deni kwa Kiswahili. Mhasibu anayeweza kumweleza hesabu kwa Kiingereza peke yake hajamweleza. Kijana wa Bukavu, Kigoma, Kisumu na Mombasa anaweza kulifanya zoezi moja bila kutafsiriwa, na hiyo ni aina ya utangamano ambayo haihitaji mkutano wa kilele.

Bodi na taasisi za wahasibu za nchi zetu nazo zina sehemu yao. Mwaka 2011 taasisi hizo zilitia saini makubaliano ya kutambuana, ili mhasibu aliyesajiliwa nchi moja aweze kutambuliwa nchi nyingine ya Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, ilikusudia hivyo. Tumefungua njia kwa mhasibu aliyekwisha kukamilika. Bado hatujamfungulia anayeanza. Taasisi hizo zikikaa pamoja na kampuni kubwa, zinaweza kukubaliana kwamba anayelimaliza zoezi la mpakani vizuri, kazi yake ikasomwa na mhasibu wa kweli, apate wiki moja au mbili za kukaa katika Kituo cha Huduma kwa Pamoja mpakani au katika ofisi ya chama cha wafanyabiashara, akisaidia kupanga madaftari ya watu. Hapo mtandao utakuwa mlango wa kuingilia, na mafunzo yenyewe yatakamilikia mahali penye vumbi, foleni na wateja wanaokasirika.

Wafanyabiashara nasi tusikae tukingoja. Chama chochote cha kina mama wa mpakani kinaweza kutoa madaftari matatu ya zamani, yaliyofutwa majina ya watu na namba za simu, kikayapeleka chuoni au kwenye ofisi ya uhasibu na kusema: fundisheni watoto wetu kwa haya. Daftari hilo ambalo tumelificha kwa aibu ya mwandiko mbaya lina makosa ambayo mtunzi wa mazoezi aliyeko Sydney hawezi kuyabuni.

Ada tumelipa kwa vitunguu na dagaa. Kijana akifika saa ya kujifunza kazi, vitunguu na dagaa visiachwe nje ya mlango. Ajifunze na hesabu za Australia, ni elimu na haina ubaya. Kisha arudi nyumbani, afungue daftari la mama yake, amwambie kama safari ya juzi ilileta faida au ilikula mtaji.